Msiisugue kwa Ndimu

Mwene-Ditu, 18 Aprili 1993

Kwako Tata Kasimu, rafiki yangu,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama Amisa na wote wa nyumbani. Tumefika. Mengine ya safari sitayaandika. Ulikuja mwenyewe stesheni ya Kolwezi, ukaona watu walivyolala juu ya magodoro yao wakingoja treni, na vijana walivyokuwa wakipekua mizigo na kutuambia turudi kwetu Kasai. Kwetu! Mimi niliyezaliwa Kolwezi, nikabatizwa Kolwezi, nikawa karani wa kampuni ya mgodi mpaka nywele zikaanza kunitoka. Sasa niko kwetu, na kila asubuhi naomba kuonyeshwa njia ya kisimani.

Nakuandikia juu ya sarafu. Ile droo ya mbao niliyokuachia, tafadhali usiiweke karibu na dirisha. Kiangazi kinaanza, na vumbi la masalio ya mgodi kule Kingamyambo linapita hata kwenye tundu la ufunguo. Halafu ile mifuko ya plastiki laini uliyonunua Lubumbashi, itupe. Narudia: itupe. Nilikuonyesha faranga ya zamani ya Wabelgiji ilivyotoka jasho la kijani ndani ya mfuko kama huo. Plastiki laini inatoa maji, na maji yake yanakula shaba.

Najua utazihamishia kwenye vikartoni vyako vyenye kidirisha, vile unavyovibana kwa pini. Haya, fanya, mradi ulaze pini vizuri zisije zikakwaruza sarafu ya jirani. Msimamo wangu unaujua. Sarafu iliyopimwa na wataalamu, ikapewa alama yake na kufungiwa ndani ya kasha gumu lisilofunguka, hiyo imepona. Kidole hakiifikii, vumbi haliifikii, wala mate ya mtu anayeongea huku ameiinamia. Sitaji jina.

Binti yangu Stéphanie anakusalimia. Ana kikohozi kidogo, lakini anakula.

Ni mimi,
Kazadi


Kolwezi, 6 Mei 1993

Tata Kazadi,

Assalam alaykum. Alhamdulillahi mmefika. Barua yako nimeipata kwa mkono wa mtu wa reli, imekunjwa mpaka imekuwa kama sambusa.

Nianze na sarafu, maana usipojibiwa hulali. Mifuko laini nimeitupa. Amisa ameiokota, anawekea chumvi, na hilo ni juu yake. Sarafu zako zote sasa ziko kwenye vikartoni vyangu. Kila moja ina kidirisha chake, inaonekana mbele na nyuma, na ukiwa na hamu ya kuishika unafungua, unaishika, unafunga. Hiyo ndiyo sarafu ya mtu huru.

Lakini ile ya Katanga sikuiona. Nasema ile uliyoipenda kuliko zote, faranga tano ya mwaka 1961, Katanga yetu ilipojitenga, kabla haijaitwa Shaba, yenye ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili. Ile ambayo Mademoiselle Simone wa shule ya kampuni alikupelekea Amerika kupimwa, ikarudi imezikwa katika plastiki, na kibandiko juu yake: alama sitini na nne kati ya sabini, nyekundu. Tangu irudi hujaigusa hata mara moja. Nilikwambia na leo narudia, hiyo uliyo nayo ni picha ya sarafu. Ulisafiri nayo?

Sasa jambo la pili. Amisa aliichukua barua yako, akaigeuza nyuma, akaitikisa bahasha, akaniuliza: "Mama Ndaya iko wapi mu hii barua?" Nikaangalia na mimi. Miaka ile nilipokuwa Kalemie kwa biashara ya samaki, kila barua yako ilikuwa na mstari wa mkeo chini kabisa, kwa mwandiko wake ulioinama: "Mi Ndaya nakusalimia, na sarafu zenu zinanichosha." Hata mlipokuwa mmegombana aliuandika. Safari hii hakuna.

Amisa hataki kulala mpaka ujibu. Anaumwa? Au amenikasirikia?

Ni mimi nduguyo,
Kasimu


Mwene-Ditu, 20 Mei 1993

Tata Kasimu,

Mama Amisa ana macho. Sikutaka kuandika. Nilidhani nisipoliandika bado halijawa kweli.

Ndaya hayuko hapa.

Treni ilisimama Lubudi. Ilikuwa imekwisha kusimama mahali pengi, saa nzima hapa, nusu siku pale, bila mtu kujua sababu. Stéphanie alikuwa na homa, analilia maji. Ndaya akasema: "Baki na mutoto. Mi naenda kuteka mayi, niko narudia sasa hivi." Akashuka na bidoni yetu ya maji, ile ya njano. Treni haikupiga hata honi. Nilipoona nguzo zinaanza kutembea nilipiga kelele, nikataka kuruka, na watu wakanishika kwa sababu ya mtoto. Nilimwona kwenye foleni ya pampu, mgongo wake tu. Hakugeuka.

Tangu siku hiyo kila treni inayofika naenda kuuliza. Mmoja anasema waliobaki Lubudi walifukuzwa porini. Mwingine anasema wapo waliofichwa mashambani na watu wenye huruma. Mtoto ananiuliza mimi, na mimi nawauliza wao.

Kasha analo yeye. Pale Kolwezi vijana walikuwa wanapekua wanaume zaidi, kwa hiyo nilimfunga kasha kiunoni, chini ya kikwembe. Alinung'unika kwamba linamchoma mbavu. Aliniambia: "Weye, hata vita ikikuya, utafunga kwanza franga yako." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka.

Rafiki yangu, una kamyo yako ya mizigo na unaweza kufika Lubudi. Nakuomba umtafute. Lakini usiulize habari za mwanamke wa Kasai, maana utawasikilizisha na wale wanaomtafuta kwa nia nyingine. Uliza kasha. Liko moja tu katika mkoa mzima wa Shaba. Plastiki ngumu, linaenea kwenye kiganja, kibandiko chake kina maandishi ya Kiingereza. Mtu akiliona hawezi kulisahau. Halifunguki bila kuvunjwa, na Ndaya anajua nitakuwaje likivunjwa, kwa hiyo hawezi kuachana nalo. Lilipo kasha ndipo alipo yeye.

Usinifiche kitu.

Kazadi


Kolwezi, 11 Juni 1993

Mpendwa Tata Kazadi,

Assalam alaykum. Nilikwenda Lubudi. Nilisema naenda kununua mahindi, na kweli nikanunua, magunia yako nyuma ya nyumba yangu sasa. Niliuliza sokoni na stesheni. Bado sijapata jambo la kukuambia. Lubudi ni pakubwa ukihesabu na mashamba yake, watu wametawanyika, na habari inaweza kuchelewa. Tuwe na subira.

Nimefikiri sana habari za lile kasha lako. Kwa kweli lilikuwa kitu kizuri. Wale wataalamu wa Amerika walijua kazi yao: sarafu inakaa katikati, haichezi, haishikwi, rangi yake haipotei. Ulikuwa na haki, Tata Kazadi. Maneno yangu yote yalikuwa ya utani tu, naomba uyasahau.

Mshike vizuri Stéphanie. Mpe chai yenye tangawizi kwa kile kikohozi. Ukikosa chochote, chochote kile, niandikie mimi kabla ya mtu mwingine.

Amisa anawaombea.

Kasimu


Mwene-Ditu, 27 Juni 1993

Kasimu,

Umelisifu kasha.

Tangu siku lilipofika umeliita jeneza. Umeliita chupa ya achari. Ulimwambia Mademoiselle Simone uso kwa uso, chai yake ikiwa mkononi mwako, kwamba Wamarekani wanazika vitu vyenye uhai. Mwaka mzima kila Jumapili ulikuwa unaligonga kwa ukucha na kuuliza: "Hodi, kuna mutu?" Leo unaniandikia kwamba nilikuwa na haki, na kwamba kasha "lilikuwa" kitu kizuri.

Nimekuwa karani maisha yangu yote, najua barua ya mtu anayeficha. Umeona nini Lubudi?

Niandikie hata kama ni baya. Hapa treni ikipiga honi mtoto anakimbia mlangoni, na mimi namwacha akimbie, kwa sababu sijui kama nina ruhusa ya kumzuia. Hilo ndilo linaniua. Sijui nilie au ningoje.

Kazadi


Kolwezi, 9 Julai 1993

Ndugu yangu Kazadi,

Nisamehe. Keti kwanza ndipo usome.

Sokoni Lubudi kuna mama anauza tumbaku ya kunusa. Nilikuwa nimepita kwa watu wengi nikiuliza kasha kama ulivyoniagiza, nikajifanya mfanyabiashara wa vitu vya zamani. Nikafika kwake. Alikuwa anapimia tumbaku kwa kitu kinachong'aa. Niliinama nikakiangalia vizuri. Kilikuwa nusu ya kasha lako. Kibandiko bado kimeshika: Katanga, 1961, sitini na nne.

Nilimwuliza amekipata wapi. Akasema alikiokota mwezi wa nne karibu na pampu, nyuma ya stesheni. Kilikuwa kimepondwa kwa jiwe, nusu ya pili ilikuwa vipande vipande. Sarafu hakuiona. Mtu hakumwona. Nilikinunua, kiko kwangu, na sitakutumia.

Tulikubaliana kwamba lilipo kasha ndipo alipo yeye. Ndiyo maana sikuweza kuandika. Nilikaa na kalamu, maneno yakakataa, nikaanza kulisifu kasha kama mtu anayesema mazuri kwenye matanga. Umenishika papo hapo.

Na kuna jambo la aibu ambalo Amisa ananiambia nisikuandikie, lakini umesema nisikufiche kitu. Nilipokuwa nimesimama pale, roho imekwisha kufa, nikafikiria mtu aliyeiba ile sarafu. Nikamwona ameikalia nyumbani kwake, anaona imechafuka kidogo, anaanza kuisugua ing'ae. Unajua watu wetu. Basi nikapanda juu ya kamyo nikaanza kupiga kelele mbele ya soko zima: "Mwenye kuwa na ile franga, asiisugule na ndimu! Asiisugule na majifu! Ataiharibu!" Watu wakavunjika mbavu. Mtu mmoja akasema nina wazimu. Mama Ndaya hajulikani aliko, na mimi nalilia rangi ya shaba! Nilipotoka mjini nilisimamisha kamyo kando ya barabara nikalia kama mtoto mdogo.

Sasa unajua yote.

Kasimu


Mwene-Ditu, 25 Julai 1993

Tata Kasimu,

Asante kwa kuniambia. Nimekwisha kumwona padri. Jumapili inayokuja tutakaa matanga, bila mwili na bila kaburi. Watu wa parokia ambao hata hawakumjua wameleta unga na kuni. Stéphanie nimemwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nani atakayerudisha bidoni.

Sarafu zilizo kwako ni zako. Ziweke unavyopenda, kwenye kartoni, kwenye kitambaa, hata kwenye plastiki laini. Miaka mingi nimegombana nawe juu ya namna ya kuhifadhi kitu kisipate hata alama ya kidole. Mke wangu nilimwachia bidoni na foleni. Sitaandika tena juu ya sarafu.

Ulifanya vizuri kuwaambia wasiisugue.

Kazadi


Lubudi, shambani kwa Mama Mbuyu, 30 Julai 1993

Kwako Tata Kasimu,

Mimi Ndaya ni mzima. Nimeanza na hilo ili usiruke mistari ukilitafuta.

Treni iliponiacha nilikuwa nimeshika bidoni, na zamu yangu ya maji ilikuwa haijafika. Nilikaa chini pale pale nikalia. Akaja mama mmoja mjane anayeuza mihogo, Mama Mbuyu, Mluba wa hapa hapa Katanga. Nilimweleza. Yeye macho yake yako kiunoni kwangu, kile kitu kinatokeza chini ya kikwembe. Akaniuliza: "Mama, hii kintu ni nini?" Nikamwonyesha. Aligeuza kasha huku na huku, akasema: "Hii itakuua. Mutu akiona franga bameifungia namna hii, atasema weye uliiba kwa mukubwa fulani. Iko na maandishi ya bazungu. Tena ni franga ya Katanga, na weye ni mutu ya Kasai. Tupa."

Nilimfikiria bwana yangu. Kweli nilimfikiria, Tata Kasimu. Nilimwona anavyolipangusa kasha kwa kitambaa cha miwani yake. Halafu nikachukua jiwe.

Kasha ni gumu, hilo mwambie, atafurahi. Nililipiga mpaka mkono ukaniuma. Lilipopasuka sarafu ikaanguka mchangani, nyekundu tupu. Nikaiokota kwa vidole vyangu vyote. Ilikuwa na joto la jua, na nilishangaa ilivyo nzito. Miaka yote nimeipisha kwenye meza kama mgeni wa heshima na sikujua kwamba ni nzito. Nikaifunga kwenye pindo la kikwembe pamoja na chumvi kidogo aliyonipa Mama Mbuyu. Habari ya chumvi usimwambie bwana yangu. Nitamwambia mwenyewe siku akiwa ameshiba.

Mama Mbuyu akanichukua shambani kwake. Hazikupita wiki nyingi, vijana wakaja wakitafuta Wakasai. Wakapekua nyumba, wakanifungua pindo. Mmoja akaitoa sarafu, akauona ule msalaba, akapaza sauti: "Hii ni franga ya Katanga! Ulipata wapi?" Lakini kwa jasho langu na ile chumvi ilikuwa imekwisha kugeuka kahawia, imechoka, kama ya mtu aliyekaa nayo tangu zamani. Mama Mbuyu akajibu kabla yangu: "Ni ya marehemu bwana yangu. Na huyu ni bibi ya ndugu yangu. Rudisha kintu ya marehemu." Tata Kasimu, yule kijana aliirudisha kwa mikono miwili. Alinipa na pole. Wakaenda.

Ningekuwa na lile kasha, leo nisingekuwa naandika.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Barua ya kwenda Kasai ikishikwa ingemletea Mama Mbuyu balaa, na sokoni sikuthubutu kukanyaga. Halafu jirani akapita akasema kuna tata mwenye kamyo anazunguka Lubudi akitafuta kasha la plastiki. Nilidhani ni wale wale, sasa wamejua. Nikahamia kibanda cha mwisho wa shamba, nikalala humo muda mrefu. Mama Mbuyu naye akaacha kwenda sokoni. Mambo yalipotulia akaenda, akarudi juzi anacheka peke yake. Kumbe watu bado wanasimulia. Akaniambia: "Ule tata iko na wazimu. Alipanda juu ya kamyo, ananena bantu basisugule franga na ndimu."

Nikamwambia arudie.

"Na ndimu," akasema. "Na majifu."

Nilikaa chini. Watu wanafukuzwa, nyumba zinachomwa, treni zinapotea na watu ndani yake, na kuna mtu mmoja anayelia sokoni kwa ajili ya ndimu! Siwezi kusema ni nyumba ngapi katika Shaba zingeweza kutoa mtu kama huyo, lakini mimi najua mbili tu, yangu na yako. Nilicheka mpaka Mama Mbuyu akaogopa akaniletea maji. Nilikuwa sijacheka tangu Kolwezi.

Barua hii anaileta dereva wa mihogo, mtu wa kuaminika. Njoo na kamyo yako unisindikize mpaka ndani ya treni, uniketishe, na usishuke mpaka ianze kutembea. Na uje na amani. Sijaisugua.

Ndaya


Kolwezi, 4 Agosti 1993

Kazadi! Kazadi!

Mkeo mzima. Mkeo mzima. Vunjeni matanga, rudisheni kuni za watu. Barua yake iko ndani ya bahasha hii, isome mwenyewe. Nilitaka kukata kwa mkasi mahali alipotaja chumvi, Amisa akanipiga mkono, akasema mtu aliyefiwa na kufufuliwa mke katika wiki moja anaweza kustahimili chumvi kidogo.

Amisa anapika tangu asubuhi na hajui anampikia nani. Mimi nimeshindwa hata kutia petroli, nimemwaga nusu chini. Kesho alfajiri naondoka kwenda Lubudi. Nitamketisha kwenye treni mwenyewe, kama alivyoagiza, na treni isipotembea nitalala humo.

Kwa hiyo kasha lilitudanganya wote, mimi na wewe. Uliniambia hawezi kuachana nalo, nikakuamini, nikaomboleza plastiki. Na ule wazimu wangu wa ndimu, ambao nilikuandikia kwa aibu nikiwa nimefunga mlango, ndio uliomtoa kibandani. Usinicheke. Cheka, lakini kidogo.

Nusu ya kasha nilitaka kukuletea kwa mkono wa Ndaya. Sasa nimefikiri vingine, nitamrudishia yule mama wa tumbaku. Alikuwa anaililia sana, alisema inapima vizuri kuliko kopo.

Jambo moja tu, na unijibu upesi. Ukiiona sarafu, niandikie rangi yake. Wekundu umekwenda wote, au umebaki kidogo pembeni mwa herufi, pale kidole kisipofika? Na ule msalaba, je, bado una ukali wake? Ikiwa bado, hata kwa kahawia yake ningeiwekea kikartoni kizuri sana, kipya, chenye kidirisha kikubwa. Fikiria tu.

Nduguyo anayelia na kucheka,
Kasimu


Mwene-Ditu, 2 Septemba 1993

Tata Kasimu,

Amefika.

Tulikuwa stesheni tangu mapema, mimi na Stéphanie na wale watu wa parokia waliokaa matanga. Walikataa kubaki nyumbani. Walisema wamemlilia mtu huyu, wana haki ya kumwona. Treni ilipoingia watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya mabehewa, nami nilikuwa naangalia juu, nyuso, nyuso, nisione. Mtoto ndiye aliyeona bidoni ya njano. Alipiga kelele moja akaniponyoka mkononi.

Ndaya alishuka pole pole, amekonda, kichwa kimefungwa kitambaa nisichokijua. Bidoni ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Aliiweka chini mbele yangu, akajinyoosha mgongo, akasema: "Haya. Mayi njo hii."

 Niliikalia ile bidoni katikati ya watu nikalia kwa sauti, mimi Kazadi, karani, na Stéphanie akanywa maji yale palepale kwa kiganja, ingawa hana homa tena. Wale wa matanga wakaanza kuimba. Jioni walirudi nyumbani kwetu wakala unga ule ule walioleta kwa msiba, na safari hii walicheza.

Mama Mbuyu tumeanza kumtafutia zawadi, lakini kila tunachofikiria ni kidogo. Ndaya anasema tumpelekee mtoto siku moja, amwone. Nadhani ni hivyo.

Habari ya chumvi niliisoma. Niliikunja barua nikairudisha ndani ya bahasha.

Sasa umeniuliza rangi. Umeniuliza mara mbili, maana mtu wa reli amenipa na kile kikaratasi ulichomkimbilia nacho dirishani treni ikiondoka. Tata Kasimu, sijaiangalia. Iko kwenye pindo la kikwembe, na kikwembe kimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila asubuhi napita hapo, nakusudia kufungua pindo, kisha namsikia Ndaya anakohoa jikoni au anamgombeza mtoto, nami naenda kusikiliza vizuri. Nitakuandikia. Nivumilie kidogo.

Ni mimi,
Kazadi

Mi Ndaya nakusalimia, Tata Kasimu, weye na Amisa. Si uongo, hajaiangalia. Hata mi nashangaa.